Daraja la Skye na Kipimo cha Jirani

Tarehe 16 Oktoba 1995, Michael Forsyth, waziri aliyeshughulikia mambo ya Uskoti katika serikali ya Uingereza, alifungua daraja linalounganisha bara na kisiwa cha Skye. Kivuko kilichohudumia mkondo ule kwa miongo mingi kikafungwa. Tangu hapo kila gari lililovuka lililipia kibandani, kwenda na kurudi, na tangu hapo pia wakatokea madereva waliofika kibandani, wakashusha kioo na kusema hawalipi. Waliendelea kusema hivyo kwa miaka tisa. Mamia walikamatwa, zaidi ya mia moja wakapatikana na hatia, na mwishowe aliyesalimu amri ni serikali: tarehe 21 Desemba 2004 mkataba ulinunuliwa kwa fedha za umma na tozo ikafutwa. Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama ushindi wa wanyonge dhidi ya benki, au kama somo la hasara ya kuwakabidhi wawekezaji barabara. Yote mawili yana ukweli ndani yake, ila hayaelezi kwa nini watu waliozoea kulipia kuvuka tangu enzi za mababu wagome mara tu walipojengewa daraja. Hoja yangu ni kwamba pande mbili zilitumia vipimo viwili. Serikali ilipima tozo kwa nauli ya kivuko cha jana. Wenyeji wakaipima kwa daraja la jirani. Kwa kipimo cha kwanza tozo ile ilikuwa ya haki. Kwa cha pili haikuwa na mtetezi.

Skye ni kisiwa kikubwa, zaidi ya kilomita za mraba 1,600, lakini wakati daraja linajengwa kilikuwa na watu wasiofika elfu kumi. Hakiko mbali na bara hata kidogo. Mahali pa kuvukia palipotumika zamani zaidi ni Kylerhea, upande wa kusini, ambako maji ni membamba na yanakwenda kasi. Hapo wachungaji wa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19 waliwaogelesha ng'ombe hadi Glenelg, maelfu kila mwaka, wakielekea kwenye masoko ya kusini. Kila ng'ombe alifungwa kamba chini ya taya, ulimi ukiachwa huru ili asimeze maji, kisha kamba ile ikafungwa kwenye mkia wa aliye mbele yake. Aliyetangulia alivutwa na mtu mwenye mashua, na msururu wote ukamfuata. Walingoja maji yatulie kati ya kupwa na kujaa, maana nje ya saa hiyo mkondo ungewazoa wote. Reli ilipofika Kyle of Lochalsh mwaka 1897, msafara wa watu na mizigo ulihamia kaskazini kidogo, kwenye mkondo unaotazamana na kijiji cha Kyleakin, na magari yalipokuja yakavushwa papo hapo. Hata ugomvi wa kuvuka uliowahi kutokea kwenye gati lile haukuwa wa pesa. Mwaka 1965 kivuko kilipoanza kufanya kazi Jumapili, mchungaji mmoja wa kanisa alilala chini njiani ili magari yasipite, na polisi wakamwinua.

Hili la kulipa lazima liwekwe wazi mapema, kwa sababu wapinzani wa wagomaji walilitumia sana. Hapakuwa na mtu wa Skye aliyedhani kuvuka ni bure. Mashua ya makasia ilitaka nauli, kivuko cha injini kilitaka nauli, na Caledonian MacBrayne, kampuni ya umma inayoendesha vivuko vya magharibi ya Uskoti, ilitoza magari kila siku bila maandamano. Watu walinung'unika, kama wanavyonung'unika abiria wa kivuko popote, juu ya foleni za Julai na juu ya bei. Walilipa. Kwa hiyo anayesema kwamba watu wa visiwani hutaka kila kitu kwa fedha za wengine inampasa aeleze kwa nini jamii ile ile ililipa kwa vizazi ikiwa majini, ikakataa ilipopewa lami.

Wazo la daraja lilikuwa la zamani. Namna ya kulilipia ndiyo ilikuwa mpya. Serikali ya Conservative mwishoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa inatafuta njia ya kujenga miradi mikubwa bila deni kuonekana kwenye vitabu vya hazina. Mpango ulikuwa kampuni binafsi ikope, ijenge, ikusanye tozo hadi irudishe fedha yake na faida, kisha daraja libaki mali ya umma. Skye ikawa miongoni mwa majaribio ya kwanza kabisa ya mtindo huo nchini Uingereza. Sheria ya barabara ya mwaka 1991 ikatoa ruhusa ya kutoza, kazi ikapewa kampuni za Miller na Dywidag zikiwa na Bank of America nyuma yao, na ujenzi ukaanza mwaka 1992. Daraja lenyewe ni la zege, lenye mgongo ulioinama kama upinde, na sehemu yake kuu ina urefu wa mita 250 kutoka nguzo hadi nguzo. Njiani linakanyaga kisiwa kidogo cha Eilean Bàn, alikoishi Gavin Maxwell, mwandishi aliyejulikana kwa vitabu vyake juu ya fisi-maji, na wanyama hao waliwalazimisha wajenzi wachukue tahadhari zilizoongeza muda na gharama. Kuna waliolisifu umbo lake na kuna waliosema limeharibu mandhari. Mimi naliona zuri, lakini uzuri haukuwa mada ya ugomvi.

Ili tozo isiwashtue watu, serikali iliahidi kwamba haitazidi nauli ya kivuko, ukiacha kupanda kwa bei za kawaida. Tuitendee haki hoja hii, maana haikuwa ya kijinga. Jana ulilipa kiasi fulani, ukangoja kwenye foleni, na upepo ukivuma ukalala upande uliko. Leo unalipa kiasi kile kile na unapita kwa dakika mbili, saa yoyote, mvua ikinyesha. Umepata zaidi kwa bei ile ile. Mgonjwa anafika hospitali ya bara usiku wa manane, lori la samaki haliozeshi shehena likisubiri zamu, mtalii haogopi kuikosa safari ya mwisho. Juu ya yote hayo, mtu wa Glasgow au wa London ambaye hatakanyaga Skye maisha yake yote haombwi senti. Ukiilinganisha Jumatatu ya kabla ya daraja na Jumatatu ya baada yake, sioni mahali pa kuipinga hesabu hiyo. Mawaziri waliirudia kwa miaka, na nadhani waliiamini kwa dhati.

Tatizo ni kwamba mtu wa Skye hakuwa anaitazama jana. Alikuwa anatazama pwani yake yote, na pwani hiyo ilikuwa imebadilika. Mwaka 1975 daraja la Ballachulish lilichukua nafasi ya kivuko, hakuna tozo. Mwaka 1979 likaja la Cromarty, hakuna tozo. Mwaka 1982 daraja la Kessock pale Inverness likastaafisha kivuko kingine, daraja kubwa la nyaya, na hakuna tozo. Mwaka 1984 Kylesku, kaskazini kabisa ambako magari ni ya kuhesabu, likafunguliwa na Malkia, bure. Mwaka 1991, wakati mpango wa Skye ukikamilishwa kwenye karatasi, daraja la Dornoch likafunguliwa, bure. Hizi zote ni nyanda za juu zile zile, wakulima wale wale wa mashamba madogo, serikali ile ile, na mara nyingi kisa kile kile cha kivuko kinachopisha barabara. Kisha, kana kwamba serikali ilitaka kukipigilia msumari kidonda, kisiwa cha Scalpay kule Harris, chenye watu mia chache tu, kikapata daraja lake mwaka 1997, miaka miwili baada ya Skye, bila kibanda. Berneray ikaunganishwa kwa tuta la barabara mwaka 1999, Eriskay mwaka 2001. Zote bure. Dereva wa Skye angeweza kuzunguka nusu ya Uskoti akivuka maji mara tano au sita bila kuguswa mfuko, akaguswa alipofika kwake.

Hapo ndipo serikali ilipojikwaa, na ilijikwaa kwa sababu iliamini kwamba kivuko na daraja ni kitu kimoja chenye sura mbili. Kivuko ni kazi ya watu: kuna nahodha, kuna mafuta, kuna kijana anayerusha kamba, na abiria anaona anachokilipia kikifanyika mbele ya macho yake. Daraja likishajengwa ni barabara. Na hii ilikuwa barabara kuu ya taifa, A87, inayotoka bara, inapita juu ya mkondo na kuendelea hadi bandari ya Uig kaskazini mwa kisiwa. Mita chache kabla ya kibanda ilikuwa ya wote, mita chache baada yake ikawa ya wote tena. Mtu alikwishailipia barabara hiyo kwa kodi ya gari na kodi ya mafuta sawa na mtu wa Inverness. Akauliza: kwa nini yeye alipe mara ya pili? Jibu la kwamba alikuwa akilipa kivuko halikugusa swali, kwa sababu hata watu wa Kessock na Ballachulish walikuwa wakilipa kivuko zamani.

Wapo watakaosema ninazunguka mbali bure, kwamba jambo ni dogo zaidi: tozo ilikuwa ghali mno. Na kweli ilikuwa ghali. Kufikia mwaka 2004 gari dogo lililipa pauni 5.70 kila upande katika msimu wa wageni, yaani pauni 11.40 kwa kwenda na kurudi, wakati daraja la Forth karibu na Edinburgh, refu mara kadhaa, lilitoza penni 80 kwa safari nzima. Malori yalilipa zaidi. Takwimu hizo mbili zilikuwa kwenye kila bango na kila kipeperushi cha wagomaji, na ni vigumu kuzisikia bila kushtuka. Lakini angalia zinafanya kazi gani. Pauni 5.70 peke yake haisemi kitu. Ni nauli ya kivuko, na kivuko hakikuzua mgomo. Inakuwa kashfa inapowekwa kando ya penni 80. Ukubwa wa tozo, kwa maneno mengine, nao ulitokana na kulinganisha na jirani. Kuna ushahidi mwingine: serikali ilipoongeza punguzo kwa wenyeji waliokuwa wakinunua vitabu vya tiketi, harakati hazikuzimika. Kama shida ingekuwa bei tu, kushuka kwa bei kungetuliza watu. Waliotaka kufananisha Skye na Forth ili kusema "hata huko wanalipa" walisahau pia kwamba mtu wa Fife, ng'ambo ya daraja la Forth, asiyetaka kulipa angeweza kuzunguka kupitia Kincardine kwa barabara ya nchi kavu. Mtu wa Skye alikuwa na kivuko kidogo cha Glenelg kinachofanya kazi majira ya joto, na kile cha Mallaig kilicho mbali kusini. Kivuko cha Kyleakin kilikwishaondolewa siku daraja lilipofunguliwa.

Mgomo wenyewe ulikuwa wa watu wa kawaida, wakiwemo wenye maduka, walimu, wastaafu na wenye nyumba za wageni. Kundi lao lilijiita Skye and Kyle Against Tolls, na silaha yao kubwa ilikuwa kutii sheria kwa namna inayochosha. Sheria ilisema ni kosa kukataa kulipa bila sababu ya maana. Basi kila mmoja akasimama kibandani, akakataa, akangoja polisi waandike jina lake, akadai aelezwe mbele ya hakimu ni kwa nini sababu yake si ya maana. Kesi zilisikilizwa Dingwall, upande wa pili wa Uskoti karibu na bahari ya mashariki, safari ya zaidi ya kilomita mia moja kwenda tu. Na njia ya kwenda Dingwall ilipita, bila shaka, juu ya daraja lile lile. Aliyeitwa kujibu shtaka la kutolipa alikabiliwa na kibanda asubuhi akienda na jioni akirudi. Robbie the Pict, mwanaharakati aliyejibatiza jina hilo mwenyewe, alizama kwenye karatasi za mkataba na kudai kwamba kampuni haikuwa na hati sahihi ya kuipa haki ya kutoza. Mahakama kuu ilimkatalia. Naona walikuwa sawa kisheria kumkatalia, na hiyo haikusaidia tozo kitu. Kila hukumu ilihalalisha karatasi na kuacha swali la Kessock likining'inia.

Wakati ule ilisemwa pia kwamba harakati hizi zilikuwa za wageni, watu waliohamia Skye kutoka England wakitafuta hewa safi na sababu ya kupigia kelele, na kwamba wenyeji halisi walilipa kimya kimya. Wahamiaji walikuwemo, na wengine walikuwa mstari wa mbele. Ila dai hilo linasahau kisiwa chenyewe. Aprili 1882, pale Braes, upande wa mashariki wa Skye, wakulima waliokatazwa malisho ya mlima waliyoyatumia tangu zamani waligoma kulipa kodi ya ardhi, wakachoma hati za kufukuzwa, na polisi wapatao hamsini walioletwa kutoka Glasgow wakapokewa kwa mawe. Tume ya serikali ilianza kusikiliza malalamiko hapo hapo Braes mwaka uliofuata, na mwaka 1886 sheria ikawapa wakulima hao haki ya kutofukuzwa ovyo. Kukataa malipo yanayoonekana si ya haki, tena kwa pamoja na hadharani, hakukuletwa Skye na mhamiaji. Hata ugomvi wa tozo za madaraja si mgeni Uskoti. Dunkeld, daraja la mto Tay lililojengwa na Thomas Telford na kufunguliwa mwaka 1809 mahali pa vivuko, lilitozwa hata kwa watembea kwa miguu na familia ya mtemi wa Atholl. Mwaka 1868 watu waliodhani deni limekwisha zamani waling'oa malango ya tozo na kuyatupa mtoni, askari wakaitwa, na daraja likawa bure mwaka 1879. John Farquhar Munro, mkulima mzungumzaji wa Kigaeli aliyechaguliwa kwenye bunge jipya la Uskoti mwaka 1999 kwa jimbo lililojumuisha Skye, alikuwa mpinzani wa tozo asiyetetereka. Sidhani kama kuna aliyethubutu kumwita mgeni.

Pingamizi zito kuliko yote ni la fedha. Bila kampuni binafsi, wanasema, daraja lisingekuwepo; hazina haikuwa na nia, na chaguo lilikuwa tozo au kivuko hadi leo. Hili haliwezi kupuuzwa, kwa sababu ni kweli kwamba miradi mingi ya visiwani ilisubiri kwa miongo. Lakini hesabu ya mwisho inalifanya lionekane dhaifu. Kufikia mwaka 2004 madereva walikuwa wamelipa zaidi ya pauni milioni 33. Juu ya hizo serikali ililipa karibu milioni 27 kuununua mkataba, mbali na mamilioni iliyokwishatumia kwa barabara za kuingilia na gharama nyingine za mradi. Daraja lenyewe lilikuwa limegharimu kama pauni milioni 25 kujenga. Serikali hukopa kwa riba ndogo kuliko kampuni, na hakuna anayelipa faida ya mwanahisa inapojenga yenyewe. Ndivyo ilivyojenga Kylesku na Dornoch. Kwa hiyo hoja ya "tozo au kivuko" ilikuwa ya kweli kwa namna moja tu: wenye mamlaka waliamua kwamba kwa daraja hili wasikope wenyewe. Uamuzi huo ulikuwa wa kisiasa, na watu walioubeba walikuwa wachache kiasi kwamba ungeweza kufanyiwa majaribio juu yao. Nasema hivi kwa ukali kidogo kwa sababu sijaona maelezo mengine ya kwa nini Scalpay iliepuka na Skye haikuepuka.

Kilichofuata baada ya Desemba 2004 kinathibitisha kipimo cha jirani kuliko hoja yoyote. Skye ilipokuwa bure, Uskoti ilibaki na madaraja matatu ya kulipia: Erskine, Forth na Tay. Tozo zake zilikuwa ndogo, za senti, na kwa miaka zilikuwa zimevumiliwa. Ghafla hazikuvumilika. Tozo ya Erskine ilifutwa mwaka 2006, na za Forth na Tay mwezi Februari 2008. Bei bado zilikuwa ndogo. Kilichobadilika ni kwamba sasa watu wa Fife na Dundee walikuwa na Skye ya kujilinganisha nayo. Miaka kumi baadaye, Desemba 2018, wasafiri kati ya England na Wales nao wakaacha kulipia madaraja ya Severn.

Kanada inaonekana kukanusha yote haya. Daraja la Confederation linaloelekea kisiwa cha Prince Edward lina urefu wa kilomita 12.9, limefunguliwa tangu 31 Mei 1997, na nafasi kati ya nguzo zake kuu ni zile zile mita 250 za Skye, zikirudiwa mara kadhaa juu ya bahari inayoganda. Linaendeshwa na kampuni binafsi, tozo yake ilipanda hadi kupita dola 50 za Kanada kwa gari dogo, na hapakuwa na mgomo wa vibandani. Sababu moja ni kwamba watu waliulizwa: katika kura ya maoni ya mwaka 1988 asilimia 59 walisema ndiyo. Nyingine ni kwamba kisiwa kilijiunga na Kanada mwaka 1873 kwa ahadi ya kuhudumiwa kwa meli, hivyo serikali kuu iliendelea kutoa ruzuku, safari hii ikimlipa mjenzi wa daraja. Na tozo hukusanywa wakati wa kutoka tu, jambo linalowafanya wengine wachekeshane kwamba kuingia kisiwani ni bure. Lakini tulia utazame ni wapi utulivu ulianza kuvunjika. Serikali iliyoingia madarakani mwaka 2015 iliamua kwamba daraja jipya la Champlain mjini Montreal, ambalo ni mali ya serikali kuu, halitatozwa. Tangu siku hiyo wanasiasa wa kisiwa, seneta Percy Downe akiwa mbele, walikuwa na sentensi moja ya kurudia: kama Montreal bure, kwa nini sisi tulipe? Agosti 2025 tozo ikashushwa kutoka dola 50.25 hadi 20.

Sisi wa pwani hii tuna mfano wa karibu, ingawa Kigamboni, Dar es Salaam, si kisiwa. Daraja la Nyerere lilifunguliwa Aprili 2016, mita 680 juu ya mkondo wa Kurasini, NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ikiwa imechangia asilimia 60 ya gharama na serikali asilimia 40. Wajenzi wake hawakurudia kosa la Skye: pantoni ya Magogoni iliachwa ikifanya kazi, na waendao kwa miguu hawatozwi. Manung'uniko yalikuwepo tangu mwanzo, na mwaka 2022 yakapata kipimo kipya lilipofunguliwa Daraja la Tanzanite, jijini humo humo, upande wa Masaki na Oysterbay, likipitika bure. Mwaka huo huo tozo ya Kigamboni ilipunguzwa. Haikuondolewa, na hapa mlinganisho na Skye unafika ukingoni, maana aliyekopesha Skye alikuwa benki, na benki ikilipwa mkataba wake inaondoka. Aliyeweka fedha Kigamboni ni mwanachama wa mfuko wa hifadhi, fundi wa Mwanza na karani wa Tanga, anayesubiri pensheni. Daraja likiwa bure kesho, lazima serikali imrudishie fungu lake kwa kodi, na kodi hiyo itatoka pia kwa watu wasiovuka Kigamboni. Mkazi wa Kigamboni anayeuliza kwa nini yeye alipe na mtu wa Masaki asilipe ana hoja ambayo Skye ilishinda nayo. Fundi wa Mwanza ana hoja yake pia, na mpaka sasa hajaulizwa.